Ikilinganishwa na Nini?

Mtu akikuambia kwamba dawa fulani inasaidia saratani ya ini, muulize: ikilinganishwa na nini? Nimetembea na swali hili tangu miaka niliyokuwa muuguzi wa utafiti nchini Marekani, katika kliniki ya wagonjwa wa ini ambao madaktari wa upasuaji walikwisha kuwaambia kuwa kisu hakifai. Nilifundishwa swali hilo na jaribio la dawa ambalo jibu lake lilikuwa hapana, na wagonjwa waliokubali kutumia miili yao ili hapana hiyo ijulikane. Naandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya jamaa zangu wa Tanzania ambao kila siku wanaletewa habari za dawa mpya ya ini bila mtu kuwapa nafasi ya kuuliza.

Nianze na kisu, maana ndugu wengi walikuwa wakituuliza kwa uchungu: kama uvimbe unaonekana kwenye picha, kwa nini usikatwe? Mgonjwa wa saratani ya ini mara nyingi ana magonjwa mawili ndani ya kiungo kimoja. Kabla uvimbe haujaota, ini limeshaumwa miaka mingi kwa virusi vya homa ya ini B au C, kwa pombe, au kwa mafuta yaliyolijaa. Nyama yake laini imegeuka makovu, hali inayoitwa sirosisi. Anayekata lazima ajue kwamba sehemu itakayobaki inatosha kumweka mtu hai, na kwa wengi haitoshi. Kwa wengine uvimbe umeshaingia kwenye mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka matumboni, au umefika mapafuni. Ini nalo halilii mapema. Mtu hulima, huuza duka, hulea watoto, na siku anapohisi kitu kizito chini ya mbavu za kulia, ugonjwa umeshakwenda mbali.

Kikwazo hicho hicho kiko kwenye dawa. Dawa nyingi huvunjwavunjwa na ini, kwa hiyo kila sumu unayoielekeza kwenye uvimbe ni mzigo kwa ini ambalo tayari limechoka. Ndiyo maana kabla ya kumwandikisha mgonjwa tulimpima bilirubini, albumini na kasi ya damu kuganda, tukaangalia kama ana maji tumboni au kama amechanganyikiwa. Vitu hivyo vitano hutoa alama inayoitwa Child-Pugh, yenye madaraja A, B na C. Jaribio letu lilipokea daraja A tu. Nimewarudisha wengi waliokuja na matumaini yao wakiwa na daraja B, na kuwaeleza jambo hilo ilikuwa kazi ngumu kuliko kutafuta mshipa wa mkono.

Kwa miongo mingi hapakuwa na dawa hata moja iliyothibitishwa kurefusha maisha ya watu hawa. Walipewa doksorubisini, dawa nyekundu ya dripu inayotumika pia kwa saratani ya matiti, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kuwapa. Mwaka 2007 mambo yalibadilika. Vidonge vya sorafenibu viliidhinishwa Marekani kwa saratani ya ini, na mwaka 2008 matokeo ya jaribio la SHARP, lililoongozwa na Josep Llovet wa Barcelona, yalichapishwa. Wagonjwa 602 waligawanywa: wengine walipewa sorafenibu, wengine vidonge visivyo na dawa. Nusu ya waliokunywa sorafenibu waliishi zaidi ya miezi 10.7, nusu ya wale wengine waliishi zaidi ya miezi 7.9. Nimesikia watu wakiidharau tofauti hiyo. Kwa mtu aliyebakiwa na miezi minane, karibu mitatu ya ziada ni zaidi ya theluthi ya muda wake wote. Tena kwa mara ya kwanza tulikuwa na kitu cha kulinganisha nacho.

Baada ya hapo kila mtu alifikiria dawa mseto. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kushawishiwa. Kifua kikuu tunakitibu kwa dawa kadhaa kwa pamoja, VVU vivyo hivyo, na Tanzania, baada ya kuiacha klorokwini mwaka 2001, ilichukua miaka michache tu kabla ya kutangaza dawa mseto ya malaria mwaka 2006. Nimekua nikiambiwa kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Basi Novemba 2010, jarida la JAMA lilipochapisha kazi ya Ghassan Abou-Alfa na wenzake, nilisoma nikiwa nimeshaamini nusu. Wagonjwa 96 walishiriki. Waliopewa doksorubisini peke yake, nusu walivuka miezi 6.5. Waliopewa doksorubisini pamoja na sorafenibu, nusu walivuka miezi 13.7. Muda wa kuishi ulikuwa zaidi ya mara mbili.

Katika kliniki yetu habari hiyo ilienea kabla hatujaibandika ukutani. Wagonjwa walikuja na karatasi walizochapa nyumbani, wakitaka mseto huo kesho yake. Daktari wetu kiongozi, mama mtulivu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alituketisha na kuuliza: sifa hii ni ya nani? Utafiti ule ulipangwa kabla sorafenibu haijawa dawa ya kawaida, kwa hiyo hapakuwa na kundi lililopewa sorafenibu peke yake. Kundi la mseto lilishindanishwa na dawa ya zamani iliyo dhaifu. Huenda dawa mbili zilisaidiana. Huenda pia sorafenibu ilifanya kazi yote, na doksorubisini ikaongeza kutapika tu. Waandishi wenyewe walisema wazi kwamba mseto huo haujafikia hatua ya kutumika kwa wagonjwa wa kawaida. Ikilinganishwa na nini? Hapo ndipo nilipolisikia swali hilo kwa mara ya kwanza likiulizwa kwa uzito wake.

Jibu lilihitaji jaribio kubwa zaidi. Lilianza mwaka huo huo wa 2010 katika hospitali nyingi, na yetu ikiwa mojawapo. Mpango wake ulikuwa mwepesi kueleza. Kila mshiriki atapata sorafenibu, vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. Nusu yao wataongezewa doksorubisini kwa dripu kila baada ya wiki tatu. Nani aangukie wapi, kompyuta itaamua kwa bahati nasibu.

Mwepesi kueleza kwa madaktari, nilipaswa kusema. Kumweleza mtu anayeumwa ni jambo jingine. Nakumbuka mzee mmoja Mkongomani kutoka pande za Uvira, aliyekuwa amekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kupelekwa Marekani na familia yake. Alikuwa na homa ya ini B tangu utotoni bila kujua. Mkalimani wa simu alikuwepo, kama taratibu zinavyotaka, lakini mzee alitaka maneno hayo ayasikie kutoka kwa mtu anayemwona usoni. Aliniita Mama, kwa heshima ya kwao, ingawa nilikuwa sawa na binti yake. Nami nilimwita Papa.

“Hii dawa ya pili, munajua iko muzuri?” aliuliza.

“Hatujui, Papa. Tungejua kuwa ni nzuri, isingekuwa haki kuwanyima wengine. Tungejua kuwa ni mbaya, isingekuwa haki kukupa wewe.”

“Na kama ninakatala?”

“Utapata sorafenibu kama kila mgonjwa, na daktari wako ni huyu huyu.”

“Na kama ninachoka katikati?”

“Siku yoyote. Huna haja ya kutupa sababu.”

Alikaa kimya, akamtazama binti yake, kisha akaomba tumsomee fomu ya ridhaa tena kuanzia mwanzo. Tulimsomea. Aliweka sahihi siku iliyofuata, baada ya kuzungumza na watu wa kanisani kwake. Nilijifunza hapo kwamba neno “hatujui” halimfukuzi mgonjwa. Kinachomfukuza ni kuhisi kwamba tunajua na tunamficha.

Kompyuta ilimpa dawa zote mbili. Kabla ya kila dripu tulipima moyo wake kwa picha za mawimbi ya sauti, kwa kuwa doksorubisini inaweza kuudhoofisha, na kuhesabu chembe nyeupe za damu. Sorafenibu ilimchubua viganja na nyayo hadi akawa anashindwa kufunga vifungo vya shati. Doksorubisini iliangusha nywele na kushusha kinga yake, tukalazimika kuahirisha dozi. Picha ya kwanza ilionyesha uvimbe umetulia. Ya baadaye ilionyesha umeanza tena kukua, na kwa kanuni za jaribio akaachishwa. Alifariki nyumbani kwake, watoto wakiwa karibu.

Mwaka 2015 tulipata agizo la kutoandikisha tena wagonjwa wapya. Kila jaribio la aina hii lina kamati ya watu wa nje, wasiowatibu wagonjwa na wasiouza dawa, ambao huangalia takwimu kwa nyakati zilizopangwa tangu mwanzo. Kamati hiyo iliona kwamba hata wakiongezwa watu wengine, mseto hauwezi kuonyesha faida iliyotarajiwa. Walikuwa wamekusudia washiriki 480. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalihusu watu 356. Waliopewa dawa mbili, nusu walivuka miezi 9.3. Waliopewa sorafenibu peke yake, nusu walivuka miezi 9.4. Madhara makubwa ya damu yaliwapata karibu 38 kati ya kila 100 waliopewa mseto, na 8 kati ya kila 100 waliopewa dawa moja. Ile miezi 13.7 iliyotufurahisha haikuwa kazi ya doksorubisini. Sorafenibu ilishindanishwa na mpinzani dhaifu, na ushindi tukaugawia wawili.

Binti wa Papa alikuwa ameomba ajulishwe matokeo, na ilikuwa haki yake. Nilimwita, akaja. Nilipomaliza kueleza alisema, “Kumbe Papa aliteseka bure, dada.” Sikutaka kumpa faraja ya haraka. Nilimwambia ukweli ninaouamini: bila baba yake na wenzake, madaktari duniani kote wangeendelea kuwaongezea watu dawa ile nyekundu katika miezi yao ya mwisho, kwa kuwa utafiti wa watu 96 ulionekana mzuri. Maelfu wangepoteza siku zao kwenye viti vya dripu, na wala wasingeishi zaidi. Sasa hawatapewa. Hakunijibu kwamba amekubali. Aliomba nakala ya matokeo ili mwanawe, aliyekuwa chuoni, amsomee. Nilimpa, na nadhani alichofanya ndicho hasa mtu anayeheshimiwa anachostahili kufanya: kuusoma ushahidi mwenyewe na kuamua kama ulikuwa na thamani.

Mimi nilishaamua. Jibu la hapana lililopatikana kwa mizani ya haki lina thamani sawa na ndiyo. Nalo halikuwa peke yake. Sorafenibu pamoja na erlotinibu ilijaribiwa kwa wagonjwa 720: miezi 9.5 dhidi ya 8.5 ya sorafenibu peke yake, tofauti ndogo ambayo haikuweza kuthibitika. Kila hapana iliwafundisha watafiti kwamba kuongeza sumu juu ya sumu katika ini lenye makovu si njia, na kwamba dawa mbili zinapaswa kuwa na sababu ya kukaa pamoja.

Sababu hiyo ilipatikana kwenye kinga ya mwili. James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha kuwa chembe za kinga zina breki, na kwamba breki hizo zinaweza kuachiliwa ili chembe zishambulie saratani. Atezolizumabu ni dawa ya kuachilia breki. Lakini uvimbe wa ini huota mishipa mingi ya damu, na ile protini inayoiotesha, VEGF, pia huzifukuza na kuzilegeza chembe za kinga. Bevasizumabu huikamata protini hiyo. Kwa hiyo moja inafungua njia, nyingine inawapa askari ruhusa ya kupigana. Jaribio la IMbrave150, lililochapishwa Mei 2020, liliwapima wagonjwa 501, na safari hii mseto haukushindanishwa na dawa dhaifu. Ulishindanishwa na sorafenibu, iliyokuwa bora kuliko zote wakati huo. Baada ya mwaka mmoja, 67.2 kati ya kila 100 wa mseto walikuwa hai, dhidi ya 54.6 wa sorafenibu. Wagonjwa walipofuatiliwa zaidi, nusu ya wale wa mseto walivuka miezi 19.2, dhidi ya 13.4 kwa wale wa sorafenibu. Hakuna aliyekuwa ameishinda sorafenibu kwa kiasi hicho kabla ya hapo.

Hata ndiyo hiyo ina masharti. Bevasizumabu inaweza kusababisha kuvuja damu, na watu wenye sirosisi huwa na mishipa iliyovimba kwenye umio, hivyo lazima wapimwe kwa kamera ya tumboni kabla ya kuanza. Tena wazo zuri bado si ushahidi. Lenvatinibu pamoja na pembrolizumabu ulikuwa mseto wenye mantiki ile ile, lakini mwaka 2022 jaribio lake halikufikia lengo. Mseto wa durvalumabu na tremelimumabu ulifaulu: baada ya miaka mitano, takriban mtu mmoja kati ya watano alikuwa hai, dhidi ya mmoja kati ya kumi wa sorafenibu. Ukisoma makaratasi ya maabara tu huwezi kubashiri upi utafaulu. Unajua kwa kupima.

Nikirudi nyumbani ndipo roho inaponiuma. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti kuhusu wagonjwa wa saratani ya ini katika nchi tisa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo. Misri, ambako watu wenye homa ya ini C walikuwa wakifuatiliwa na uvimbe kugunduliwa mapema, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 10.9, na karibu robo tatu walipata tiba ya saratani yenyewe. Katika nchi nyingine nane, nusu waliishi zaidi ya miezi 2.5, na waliopata tiba ya aina hiyo walikuwa 3 kati ya 100. Umri wa kati wa wagonjwa hao wa pili ulikuwa miaka 46. Ni watu wenye watoto shuleni.

Majaribio makubwa niliyoyataja yamefanyika kwa sehemu kubwa Amerika, Ulaya na Asia. Wakati huo huo saratani yetu ina sura yake. Huanza mapema, hutokana zaidi na homa ya ini B, na hupata msaada wa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga, ambayo huacha alama ya pekee katika jeni ya TP53. Wakenya wanaikumbuka sumukuvu kwa mlipuko wa mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, uliowaua watu 125 kwa ini kushindwa ghafla. Inayokula taratibu haitangazwi. Kwa hiyo mtu akituletea dawa mseto iliyopimwa kwingine, swali langu linarudi. Ikilinganishwa na nini, na kwa wagonjwa gani? Watafiti wetu wa hospitali za Ocean Road na Mulago, na wale wa Nairobi, wanastahili fedha na vifaa vya kupata jibu hapa hapa, kwa wagonjwa wanaofanana na watakaotumia dawa hiyo.

Kuhusu kuizuia saratani hii isianze kabisa, swali hilo limeshajibiwa. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 1984. Walipolinganisha miaka ya kabla na ya baada, saratani ya ini kwa wenye umri wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imeshuka karibu nusu ndani ya takriban miaka kumi. Tanzania na Kenya zimeiweka chanjo hiyo katika ratiba ya watoto tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatujachanjwa wala kupimwa. Kipimo ni tone la damu. Anayekutwa na virusi hivyo hufuatiliwa, na ikihitajika hupewa tenofovia, dawa ambayo hospitali zetu tayari zinaifahamu kutokana na VVU.

Kwa ndugu ambaye tayari anaumwa, na anayeuziwa chupa yenye maandishi “inatibu ini” huku muuzaji akitaja watu waliopona, nasema usimdhihaki. Anatafuta maisha. Kaa naye, mwulize muuzaji wake swali moja: hao waliopona, walilinganishwa na nani? Kama hakuna jibu, fedha hiyo imtibie maumivu na imlipie nauli ya kwenda kwa daktari bingwa. Na siku daktari atakapomwambia, “Tuna jaribio, dawa mbili dhidi ya moja, na hatujui ipi ni bora,” asikimbie. Aulize nani anasimamia usalama wake, aulize kama anaruhusiwa kuondoka wakati wowote, asomewe fomu mara mbili kwa lugha anayoota nayo. Akiridhika, aingie akijua kwamba jibu lolote litakalopatikana, ndiyo au hapana, litamlinda mgonjwa atakayefuata.